Venice Sawa, Lakini Karema Je?

Jamaa yangu karudi Italia na picha chungu nzima za Venice: mifereji, kasri la watawala wa zamani, michoro ya Tintoretto ukutani hadi darini. Sawa, hata mimi ningekwenda. Kilichonikera ni kauli yake tukiwa hapa Mpanda, eti “kwetu kuna viboko tu.”

Viboko wapo, tena wengi, hifadhini Katavi. Lakini Karema je? Pale ufukweni mwa Ziwa Tanganyika Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879, na 1885 wakawaachia Mapadri Weupe. Ngome yenyewe hainisumbui sana. Ya mkoloni ile. Ninayemtaka ni Adrian Atiman: mtoto aliyetekwa kandokando ya mto Niger, akauzwa utumwani, akakombolewa Algeria, akasomea udaktari Malta. Alifika Karema 1889, akatibu watu huko mpaka alipofariki 1956. Miaka 67 jamani! Nimesoma Mpanda tangu darasa la kwanza, na jina lake sikulisikia darasani hata siku moja.

Venice siku za msongamano wanatoza kiingilio cha mji, na watu wanalipa. Karema ni mkoa wetu huuhuu.

Nilipomaliza kufoka, jamaa akaniuliza, “Kuna hoteli?”