AFYA KATIKA JAMAA: Kidonge cha soya si cha kumeza ovyo



Mwezi uliopita nilienda kusalimia baba mmoja mugonjwa. Damu iliganda ndani ya mguu wake, na munganga alimuagiza ameze warfarini kila siku. Karibu na kitanda niliona chupa ingine. Bibi yake aliniambia: «Pasta, hii ni ya soya tu, ni chakula. Tunataka kuacha ile ya hospitali.»

Tusikilize vizuri. Wajapani wanakula natto, ni soya iliyopikwa na kuchachishwa. Katika mwaka 1987 Hiroyuki Sumi na wenzake waliandika kwamba natto iko na enzimu yenye kuvunja nyuzi zinazoshika damu iliyoganda. Njo ile wanatia ndani ya vidonge. Kwenye chupa utasoma Nattokinase.

Basi kitu chenye kuyeyusha damu kinaweza pia kufanya damu isikome kutoka. Katika mwaka 2008 wanganga wa Taiwan waliandika juu ya mama mmoja aliyekuwa anameza aspirini. Aliongeza kidonge hiki, miligramu 400 kwa siku. Kisha siku 7 damu ilivuja ndani ya ubongo wake. Na katika mwaka 2015, kule Marekani, waliandika juu ya mugonjwa aliyetiwa valvu ya moyo. Aliacha warfarini, akameza hiki pahali pake. Damu iliganda kwenye valvu, wakamupasua tena.

Kwa hiyo, ndugu yangu, shika haya:

1. Usiache dawa ya munganga juu ya kidonge hiki.
2. Usikichanganye na warfarini, aspirini ao dawa ingine ya damu bila kuuliza.
3. Kama watakupasua ao kukungoa jino, sema mapema, ili ukiache mbele ya siku ile.
4. Kama soya inakuwasha ao kukuvimbisha, ama damu inakutoka bure puani ao kwenye ufizi, usikimeze.
5. Mama mwenye mimba asijaribu.

Yule baba alibeba chupa zote mbili kwa munganga. Aliogopa kukemewa, lakini munganga alimushukuru. Alimubakizia warfarini peke yake, akamupima damu. Na weye usifiche chupa yako chini ya kitanda. Munganga hawezi kukulinda na kitu asichokijua.