Kizazi cha koltani kinazeeka. Tutakiweka wapi?

Kwenye mashimo ya mawe, mtu hazeeki kwa miaka. Anazeeka siku ile PDG wa shimo anampita kwa macho na kuchagua mwengine. Iko na miaka 42 ao 45, mikono ingali na nguvu, lakini asubuhi, wakati wa kugawa timu, anasikia: « Weye muzee, pumuzika kwanza, tutakuita. » Hawamwite. Kwa mdomo wamemheshimu, wamemwita mzee. Kwa matendo wamemwondoa kazini bila barua, bila hesabu ya mwisho, bila hata aksanti.

Tunaandika haya tukiwaza kartie ya Lac Vert, pale upande wa magharibi wa Goma, ukifuata barabara ya Sake. Ni mlango wa mji kwa wote wanaotoka Masisi. Vita ilipopanda, familia nyingi zilisimama pale pale, zikajenga vibanda vya maturubai juu ya mawe ya volkano. Tarehe 3 mwezi wa tano 2024 mabomu yaliangukia watu kwenye kambi za Lac Vert na Mugunga. Mwezi wa pili 2025 kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi kwao. Kijana alifunga mzigo akaenda. Mama wa miaka 70 naye, mwenye magoti mabovu, yeye anarudi namna gani, na anarudi fasi gani, kama nyumba ilishachomwa? Wale waliobaki nyuma, wakitafuta kona kwa jirani ao kwa ndugu, wengi ni watu wa umri.

Na tukitazama vizuri, hii shida ndiyo kwanza inaanza. Bei ya koltani ilipanda sana mwishoni mwa mwaka 2000. Wanafunzi waliacha shule, walimaji waliacha mashamba, wote wakapanda milima ya Masisi na Walikale na pau na nyundo. Kijana aliyeingia kwenye shimo wakati ule na miaka 20, leo amepita 45. Hiki ni kizazi cha kwanza cha koltani, na kinazeeka chote kwa pamoja. Mapafu yamekula vumbi, mgongo umebeba magunia miaka makumi mawili. Wengi wao hawana makuta iliyowekwa fasi yoyote.

Mbele yao kulikuwa kizazi kingine. SOMINKI, ile kampuni kubwa ya Kivu na Maniema, iliundwa mwaka 1976. Bei ya kasiterite ilipoanguka mwaka 1985 ikaanza kuyumba, na mwaka 1997 ikavunjwa. Wafanyakazi wake walizeeka wakidai hesabu yao ya mwisho, na wengi walikufa bila kuiona. Lakini wale angalau walikuwa na namba ya kazi na karatasi ya kuonyesha. Mchimbaji wa leo hana. Sheria ya mwaka 1982 ilifungulia raia njia ya kuchimba kwa mkono, lakini haikuwaza siku ile mkono utakapochoka. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 juu ya usalama wa kijamii, ile iliyoongoza kuzaliwa kwa CNSS, pansion yake inatoka katika michango ya mwajiri na mfanyakazi. Basi mwajiri wa mchimbaji ni nani? Ni PDG? Ni negosian? Ni koperative? Kila mmoja anamwonyesha mwenzake kwa kidole.

Kwa miaka mingi, gunia la koltani lilikuwa linafungwa na tikiti yake yenye namba, ili mnunuzi wa Ulaya ama Asia ajue limetoka mlima gani. Gunia lilijulikana kwao. Mtu aliyelichimba, hakuna kitabu kilichoandika aliingia kazi mwaka gani.

Juu ya nini tunavumilia hivi? Watafiti wanaochunguza uzee wana jibu, na jibu lenyewe halipendezi. Mwaka 1969, daktari wa Marekani, Robert Butler, aliona wakaaji wa mtaa mmoja wenye uwezo, karibu na Washington, wakikataa kabisa nyumba za wazee zisiwekwe kwao. Akasema: hii ni ubaguzi, sawa na ule wa rangi ya ngozi. Ndiye aliyeupa ubaguzi wa umri jina katika lugha yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake kubwa juu ya jambo hilo, ikisema kwamba mtu mmoja kwa kila wawili duniani ana mawazo ya kudharau watu kwa sababu ya umri.

Mtu atasema: hayo ni ya wazungu, sisi Waafrika tunaheshimu wazee. Ni kweli, tunawapa kiti, tunawasalimia kwa mikono miwili. Lakini heshima ya kiti haijazi sahani. Mtafiti Isabella Aboderin, aliyefanya kazi miaka mingi Nairobi, aliandika kitabu mwaka 2006 juu ya familia za Accra, kule Ghana. Aliona kwamba watoto wengi hawakuacha wazazi kwa sababu ya moyo mbaya. Makuta ilikuwa kidogo, na ikiwa kidogo, mtu anaanza na watoto wake mwenyewe; baba na mama wanangoja kinachobaki. Na mara nyingi hakibaki kitu. Baba mchimbaji anayesoma maneno haya anajua hesabu hiyo. Ameifanya mwisho wa wiki, mbele ya ada ya shule, unga wa foufou na dawa ya mama yake.

Kama ingekuwa umaskini peke yake, tungesema ni majaliwa. Lakini kuna neno lingine linalotoka wakati makuta inakosa, na hili ni la kuua: mchawi. Shimo limebomoka, mtoto amefariki, mawe yamepotea ghafla, na mara moja macho yanamwendea bibi mzee, hasa mjane, hasa yule ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Kule Meatu, katika nchi ya Wasukuma, Tanzania, mtafiti Edward Miguel alihesabu mauaji ya watu walioitwa wachawi, na mwaka 2005 akatoa matokeo. Mwaka wa ukame ao wa mvua kupita kiasi, mauaji hayo yalikuwa karibu mara mbili ya mwaka wa kawaida. Mauaji ya namna nyingine hayakuongezeka. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi mkono uliowaua ulikuwa wa jamaa. Basi tujiulize: uchawi gani huo unaojua kalenda ya mvua? Iliyoua ni njaa, na watu wakatafuta nani wa kupunguza mezani.

Tusijidanganye kwamba Tanzania ni mbali. Mwezi wa kenda 2021, hapa chini tukifuata ziwa, katika Kivu ya Kusini, wanawake wanane walichomwa ao walipigwa mpaka kufa, wakishitakiwa uchawi. Katika territoire ya Kalehe, wengi wa waliouawa walikuwa wamepita miaka 60. Kalehe ni nchi ya mashimo kama Masisi. Ni ndugu zetu.

Sheria inasema nini? Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, artikle ya 40, inasema watoto wana wajibu wa kusaidia wazazi wao. Artikle ya 41 inakataza wazi kushitaki watoto uchawi. Artikle ya 49 inawapa watu wa umri mkubwa haki ya kulindwa kwa njia ya pekee, lakini neno la uchawi pale haliko. Mtoto amelindwa kwa jina la hatari yenyewe. Bibi yake amelindwa kwa maneno ya jumla. Umoja wa Afrika uliona pengo hilo. Itifaki yake juu ya haki za wazee, iliyopitishwa Addis Ababa mwezi wa kwanza 2016, inaagiza nchi zikomeshe mashitaka ya uchawi juu ya wazee, hasa wanawake. Ilihitaji nchi 15 ili ipate nguvu, na ilizipata mwaka 2024.

Kuna hasara ingine, tena hii inatugusa sisi wote, hata yule asiyekuwa na huruma. Pale Lac Vert, kama vile Bulengo na Mugunga, gesi mbaya inatoka chini ya ardhi na kulala kwenye mabonde, hasa usiku na asubuhi mapema kama upepo hauko. Haina rangi. Inaua mbuzi, inaua mtoto anayeinama kuokota kitu. Wakaaji wa hapa waliiita mazuku, na leo wanasayansi wa volkano duniani wanaandika neno hilo hilo, mazuku, katika kazi zao. Wazee wa pale wanajua bonde gani linaua na saa gani. Mkimbizi aliyefika jana hajui. Vilevile Nyiragongo: ilitoka tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, ikatoka tena tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, na tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Aliyekimbia mwaka 1977 akiwa na miaka 15 amepita 60 sasa. Ukimsukuma kando, unasukuma kumbukumbu ya njia moto ulikopita.

Shimoni ni vile vile. Mchimbaji wa zamani anasikia udongo. Anajua ukuta unaotoa jasho, anajua mti wa kuegemeza uliooza, anajua kwamba baada ya mvua ya usiku watu hawaingie kabla ya jua kupanda. Kijana wa miaka 19 anaona mawe. Yule mzee anaona hatari. Tunapomrudisha nyumbani ili timu iende haraka, mara ingine tunalipa haraka hiyo kwa maiti.

Vijana watatujibu: « Na siye batakula nini? Bazee banakataa kutoka. » Jibu hilo lina haki yake. Vijana wa Goma hawana kazi, na hatuombi mtu wa miaka 60 ateremke mita makumi chini ya ardhi. Kifua chake hakikubali, na akianguka anaweka timu nzima hatarini. Tunachokataa ni kumtupa. Kati ya kumteremsha shimoni na kumfukuza mlimani kuna kazi nyingi: kuangalia miti ya kuegemeza, kulinda mashini ya hewa na ya maji, kuhesabu walioingia na waliotoka, kupima na kuandika magunia. Kazi hizo zinaomba macho na uaminifu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalongoja amani ije kwanza.

La kwanza ni kwa koperative. Kila memba aandikwe katika kitabu: mwaka wa kuzaliwa na mwaka aliingia kazi. Kisha makato kidogo kwa kila gunia yaingie katika kasha ya wazee, lenye hesabu inayosomwa mbele ya wote. Tunajua mchimbaji amekatwa sana tayari, mpaka amechoka. Lakini makato yote hayo yanakwenda kwa wengine. Hili litakuwa la kwanza linalomrudia yeye mwenyewe.

La pili ni kwa mashefu wa kartie, nyumba kumi, mapadri na wachungaji. Neno « mchawi » likitamkwa juu ya mzee, lizimwe siku ile ile, kabla halijafika kwa vijana wenye mafuta na kiberiti. Mchungaji anayelipokea na kulibariki kwa maombi ya kutoa mapepo, naye amewasha moto.

La tatu ni kwa watafiti wetu wa Goma. Nchi hii haijahesabu watu wake tangu mwaka 1984. Uchunguzi mkubwa wa afya, ule unaopita nyumba kwa nyumba, unahoji wanawake wa miaka 15 mpaka 49. Mama akifika 50, hakuna tena anayemuuliza kitu. Nendeni Lac Vert na daftari. Ulizeni wazee wanakula mara ngapi, wanalala kwa nani, nani anawapiga, nani anawasikiliza. Kisichohesabiwa hakiwekwe kwenye bajeti.

Na wewe baba uliye shimoni, ama mama unayetwanga mawe, una shauri moja la bure. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani, pamoja na Becca Levy wa Yale, walitoa hesabu ya watu 660 wa miaka 50 na zaidi, waliofuatwa kwa miaka zaidi ya makumi mawili. Wale waliowaza vema juu ya uzee wao waliishi miaka 7 na nusu kupita wale waliojiona wameisha. Basi usikubali kuitwa « muzee amechoka » mpaka nawe ulisadiki.

Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa hesabu ya 1984 amepita miaka 40. Shimoni tayari anaitwa mzee. Kwenye mkutano ujao wa koperative, asimame aulize hivi: mwaka gani nitatoka, na nitatoka na nini? Kama prezida hana jibu, vijana wasicheke. Swali hilo ni lao pia.