Kompyuta ya Fundi na Ukweli wa Muuzaji

Ndugu Waislamu, fundi umeme anayetaka kompyuta mpakato ya kuandikia makadirio na ankara si lazima anunue mpya. Iliyotumika yaweza kumtosha. Hata hivyo, tunamuusia asitoe mtaji wake kabla ya kuijaribu bila chaja ili aone betri inavyodumu, na kuuliza kama inakubali Windows 11, kwani Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyolindwa huhatarisha hesabu za wateja na riziki ya watoto.

Nanyi wauzaji, kuijua kasoro na kuinyamazia ni udanganyifu. Sheria humpa mnunuzi khiyari, yaani haki ya kurudisha alichouziwa na kasoro iliyofichwa. Ielezeni mapema, hata bei ikishuka. Wallahu a‘lam.