Acheni Kuniomba Pini ya Ule Mto

Kila wiki napata meseji ile ile. "Bro, nitumie pini ya pale ulikuwa unarekodi trauti." Sitatuma. Na kabla useme nimeanza kuringa, soma hii hadi mwisho, kwa sababu mwaka jana niliiweka pini hiyo hadharani, na leo pale hakuna samaki.

Kama hukuwa umeanza kunifuata wakati huo, ilienda hivi. Mimi ni mtu wa Soin, huku chini kwenye joto na miwa. Binamu yangu anakaa juu, kwenye chai. Mwezi wa kwanza nilipanda matatu nikaenda kumsalimia, akanipeleka kwa kijito kimoja karibu na msitu. Maji baridi mpaka vidole vinauma. Akaniambia nilale kifudifudi kwenye ukingo na nisitingishike. Baada ya kama dakika kumi hivi nikaona kivuli kinasogea chini ya mizizi. Trauti. Madoadoa mwilini, kichwa kimeelekea mkondo unakotoka, anangoja mdudu aletwe na maji. Nilirekodi, nikaposti usiku huo huo, na pini juu yake. Ilitazamwa mara 40,000. Hakuna video yangu imewahi kufika hapo.

Wiki tatu baadaye binamu akanipigia. Watu walikuja kwanza na neti za mbu. Halafu wengine wakaja usiku na pikipiki, wakamwaga dawa ya kupe ndani ya maji. Asubuhi samaki wadogo kwa wakubwa walikuwa wanaelea, pamoja na kaa. Watu wakaokota wakaenda nao nyumbani kula, dawa na yote. Binamu aliniuliza swali moja tu: "Wewe ulipata pesa ngapi kwa hiyo video?"

Sikupata hata mia tano.

Sasa nina maoni, na najua wengine hamtayapenda. Mto hauhitaji pini. Unahitaji mtu. Mtu anayeujua, anayekaa karibu nao, na anayelipwa kukupeleka. Kwa Kiswahili huyo ni mwongozaji. Msiandike "gaidi" tafadhali, mtanipeleka kituoni.

Baada ya hayo mambo nilianza kutazama venye watu wanafanya kazi hii kwingine. Huko Louisiana na Texas, Marekani, kiangazi kikifika wavuvi wanalipa nahodha awapeleke kwenye maji ya chumvi ya kina kifupi karibu na pwani, wakitafuta redfish na samaki mwingine wanayemwita trauti wa madoa. (Kwa taarifa yako, huyo wa baharini si trauti hata kidogo, ni jamaa wa redfish. Jina tu.) Yule mteja halipii nyama ya samaki. Sokoni angeipata kwa bei ya chini sana. Analipia kichwa cha nahodha: anayejua maji yanajaa saa ngapi, na joto likizidi samaki wanajificha wapi.

Na si lazima uende Marekani. Watamu, Malindi na Shimoni kuna manahodha wa hapo hapo pwani wanaopeleka wageni kuvua sulisuli na nduaro. Samaki wengi wanawekwa alama kisha wanaachiliwa waende zao. Kuna taasisi pale Watamu, African Billfish Foundation, inayofuatilia hizo alama. Hesabu yake ni rahisi. Sulisuli aliyekufa analipa mara moja. Aliye hai anaweza kumlipa nahodha mwingine kesho.

Sasa rudi kwetu. Trauti si samaki wa asili hapa. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, wakawekwa mto Gura kule Aberdare. Mwaka 1910 wakaja wale wa rangi ya upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Kutoka hapo walisambazwa kwenye mito ya baridi, hadi nyanda za chai za Kericho. Kiganjo, Nyeri, kuna kituo cha kuwazalisha hadi leo.

Kwa hivyo najua kuna msee tayari anaandika kwa komenti: "Huo ni mchezo wa wazungu, achana nao." Nakuelewa. Huku kwetu watu walifukuzwa kwa ardhi yao ili chai ipandwe, na kwa miaka mingi mwenye fimbo ya kuvulia alikuwa bwana shamba, si baba yako. Lakini chai pia ililetwa, na hakuna mtu nimesikia akisema tumwachie mzungu kwa sababu hiyo. Na unajua zile nzi bandia ambazo wavuvi wa Ulaya na Marekani wanafunga kwa ndoano? Nyingi zimefungwa kwa mkono hapa Kenya, manyoya na uzi, moja moja, kwa miaka mingi sasa. Mikono yetu iko kwa huu mchezo kitambo. Ni vile tu hatushiki fimbo.

Na huyu samaki ana faida nyingine. Trauti hawezi maji moto wala maji machafu. Anataka maji baridi yenye hewa nyingi. Kata miti ya ukingoni, jua lipige mto, atakufa au atahama. Akiwa yuko, jua mto uko fiti. Hayo maji hayabaki huko juu. Itare, Kiptiget na Kipsonoi zinaungana kuwa Sondu na kuingia Ziwa Victoria. Sisi wa Soin tuko upande wa Nyando, na Nyando pia inaishia ziwa lilo hilo. Kinachomwagwa juu, wa chini ndio wanakunywa.

Mnafikiri natia chumvi? Muulizeni kogo wenu kuhusu ningu. Mvua ikianza, ningu walikuwa wanapanda mito kutoka ziwani kwenda kutaga, kwa wingi wa kushangaza. Watu wakawatega midomoni mwa mito, kabla watage. Leo ningu ni kati ya samaki walio hatarini kabisa kuisha. Na hao tuliwamaliza bila simu, bila pini, bila mimi. Fikiria sasa tuna simu.

Kwa nini mwongozaji anaweza kusaidia pale askari ameshindwa? Kwa sababu mto ukifa, ni chakula chake kimekufa. Sheria ya uvuvi ya 2016 inakataza sumu na vilipuzi, lakini sheria haikai kwa ukingo saa nane usiku. Kijana wa hapo anakaa. Na anajua vitu pini haiwezi kukwambia. Anajua kwamba wakati wa kiangazi, Januari na Februari, maji yamepungua na yanaonyesha hadi chini, kwa hivyo samaki anakuona kabla umwone. Anajua mnaenda alfajiri au jioni, na jua likiwa kali mnaacha kabisa, kwa sababu maji ya joto yana hewa kidogo, na trauti aliyechoka kwa kuvutwa anakufa hata ukimwachilia. Atakwambia ulowanishe mikono kabla ya kumshika, ubane ule mwiba wa ndoano ulale, na picha upige akiwa karibu na maji. Mnakula mmoja au wawili. Wengine wanarudi.

Sisemi hii itaajiri kila mtu. Mei 2023 tuliona mashine za kuchuma chai zikichomwa Kericho, na sote tunajua hasira hiyo ilitoka wapi: mashine moja inafanya kazi ya watu wengi. Kijito kimoja hakiwezi kubeba kijiji kizima. Lakini kinaweza kulipa vijana wanne au watano ambao sasa hivi wanabeba tu mabegi. Binamu yangu alishabeba. Kuna siku wageni walikuja na mwongozaji wao kutoka mbali. Yeye ndiye aliwaonyesha kila kidimbwi, akalipwa shilingi 500 kama mbeba mzigo, na yule mwingine akalipwa kama mtaalamu.

Ninachotaka ni kidogo. Ziwani wavuvi wana BMU, kikundi chao cha kusimamia ufuo. Mbona kijito kisiwe na kikundi kama hicho? Kaunti iwape vijana wa karibu mafunzo na kitambulisho. Mashamba ya chai yenye mito ndani yawaruhusu kuingia kwa utaratibu. Mgeni awe na leseni yake ya kuvua na alipe kikundi. Na sisi wa kutengeneza video tukubaliane kitu kimoja: onyesha samaki, ficha mahali, weka namba ya kikundi.

Ile video nilifuta. Najua kufuta hakurudishi samaki. Mwezi uliopita nilirudi pale na binamu, tukalala tena kifudifudi kwa ukingo ule ule. Tulikaa karibu saa nzima. Chini ya mizizi hakukuwa na kivuli. Juu kidogo, kwenye tawi lingine la mto ambalo sumu haikufika, yeye anasema wako.

Sikumuuliza ni wapi. Ukitaka kuwaona, usinitafute mimi. Panda matatu, mtafute yeye, na umlipe vizuri.