Bei Haina Harufu

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau waliosema hayo wangeingia leo katika duka la manukato la Dubai, Paris au London, wangestaajabu kuona mambo yamepinduka: kinachojitembeza ni kile kinachodaiwa kuwa kizuri kupita vyote, na kinachokitangulia mbele kama mpiga mbiu ni bei yake. Chupa ya mililita 100 huuzwa dola 300 na zaidi, na mnunuzi huambiwa kwamba bei hiyo ndiyo shahidi wa ubora. Haya ndiyo manukato ya wachache, yatungwayo na majumba yanayojitenga na manukato ya umma yauzwayo katika kila uwanja wa ndege. Swali la kuwa yanastahili bei hiyo au hayastahili limekuwa likijibiwa kwa namna mbili, na zote mbili ni za uvivu. Wako wanaoisujudia chupa kwa kuwa ni ghali, na wako wanaoibeza kwa sababu hiyo hiyo. Makundi haya yana kosa moja: yote mawili yananusa bei, na bei haina harufu.

Haki itendeke kwanza kwa upande wa utetezi. Kunadi manukato kwa ughali wake si jambo la jana. Mwaka 1930, ulimwengu ukiwa katika dhiki kubwa ya uchumi, jumba la Jean Patou la Paris lilitoa Joy, kazi ya mtunzi Henri Alméras, likayanadi kuwa ndiyo manukato ghali kuliko yote duniani. Lakini ndani ya chupa ile mlikuwa na asumini na mawaridi kwa wingi usio wa kawaida, hivyo ughali wake ulikuwa na mizizi shambani. Mwaka 1976 Jean Laporte alianzisha L'Artisan Parfumeur, akionyesha kuwa jumba dogo laweza kutunga bila ya kufuata matakwa ya soko kubwa. Mwaka 1983 ikaanzishwa Amouage huko Omani, na manukato yake ya mwanzo, Gold, yakatungwa na Mfaransa Guy Robert, aliyeukutanisha ubani wa Dhofari na maua ya bustani za Ulaya. Na mwaka 2000 Frédéric Malle akaanza kuliandika jina la mtunzi juu ya chupa. Jambo hili la mwisho mpenzi wa mashairi hawezi kulidharau. Mtunzi wa manukato alikuwa kama malenga ambaye tungo zake huimbwa na wengine bila ya yeye kutajwa; kumrudishia jina lake ni sawa na kumwachia mshairi nafasi ya kujitaja katika beti za tamati.

Hayo ni mema, na yanastahili kusifiwa. Ila mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Dai la kwanza la wauzaji ni uchache: kwamba majumba haya ni madogo, huru, na hutunga kwa ajili ya wajuzi tu. Mwaka 2014 kampuni ya Kimarekani ya Estée Lauder ilitangaza kuyanunua majumba ya Le Labo na Frédéric Malle. Mwaka 2015 kampuni ya Kihispania ya Puig ilikichukua kile kizaliwa cha Laporte, L'Artisan Parfumeur, na mwaka 2022 ikaongeza Byredo. Mwaka 2023 Kering ya Ufaransa ikainunua Creed. Hakuna dhambi katika kuuza wala katika kununua. Dhambi ni kuendelea kumtoza mnunuzi bei ya fundi wa kibandani ilhali fundi huyo amekwisha kuwa mtumishi wa kampuni inayouza vipodozi katika kila mji mkubwa wa dunia.

Dai la pili ni uadimu wa malighafi, na hapa udi ndio hutangulizwa. Ni kweli kwamba udi ni adimu. Mti wake hautoi utomvu wenye kunukia mpaka ujeruhiwe na kuingiwa na kuvu, na misitu ya Asia imekatwa kiasi kwamba aina mojawapo iliwekewa masharti ya biashara ya kimataifa mwaka 1995, na mwaka 2005 masharti hayo yakaenezwa kwa jamii nzima ya miti hiyo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, chupa nyingi zenye jina la udi hutegemea viigizo vya maabara. Kuigiza si aibu, kwani fundi hodari huweza kutunga kitu kizuri kwa viigizo. Aibu ni kutoza bei ya udi kwa kisicho udi. Mwaka 2006 ilitoka Molecule 01, ambayo ndani yake mna kiini kimoja tu cha maabara, Iso E Super, kilichoyeyushwa katika spiriti. Waliyoitoa hawakuificha siri hiyo, bali waliitangaza. Watu waliinunua kwa furaha, na wengi waliipenda kwa dhati. Chupa hiyo haikumdanganya mtu. Iliwaumbua wale wasemao kwamba bei ya manukato hutokana na kilichomo ndani.

Basi ikiwa bei si shahidi, shahidi ni nani? Ni pua, ikipewa muda. Manukato hufunguka kwa zamu: kwanza hutoka harufu nyepesi za ndimu na chungwa, ambazo huruka kwa dakika chache, kisha yanafuata maua, na mwisho hubaki udi, ubani, miski na ambari, ambazo huweza kulala nguoni hadi asubuhi. Dukani mteja hupewa karatasi iliyopuliziwa, akanusa, akalipa, akaondoka. Huko ni kuununua utendi kwa kuisikia dibaji yake. Aliye makini huyatia mwilini, akatoka nayo juani, kwa kuwa joto la pwani huirusha spiriti upesi kuliko baridi ya Paris, akaswali nayo adhuhuri, na jioni akajiuliza kimebaki nini. Shairi lenye vina na mizani lakini halina la kusema husahauliwa kabla ya msomaji kufunga kitabu. Kadhalika manukato yanayopiga kelele saa ya kwanza na kunyamaza saa ya tatu hayastahili dola 300, hata yakitiwa katika chupa ya dhahabu. Kwa kipimo hiki Gold ya Guy Robert hufaulu, maana maua yake hayaondoki bila ya kumkabidhi ubani zamu, na ubani hukaa. Zilizo nyingi kati ya zilizokuja nyuma yake hazifaulu.

Kipo kipimo kingine ambacho wanunuzi wa Ulaya na Ghuba hawakitaji, nacho kinawahusu watu wa visiwani zaidi ya wote. Usione vyaelea, vimeundwa. Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta ya langilangi duniani. Huko Anzuani maua huchumwa alfajiri, kabla jua halijayachosha, kutoka miti iliyokatwa vilele ili mchumaji aifikie, kisha hukenekwa kwa saa nyingi juu ya moto wa kuni. Kilo 100 za maua hutoa takriban kilo 2 tu za mafuta, na kuni hizo zimekula sehemu ya misitu ya kisiwa. Pemba nako, huko Wawi, makonyo ya karafuu hukenekwa mafuta yanayosafirishwa ng'ambo. Kisiwa huuza kwa kilo na kununua kwa tone. Muuzaji akisema kuwa bei ya chupa yake ni heshima kwa maua, na aulizwe ni senti ngapi za heshima hiyo zinazomfikia mwanamke aliyeamka alfajiri kuyachuma. Asipokuwa na jibu, bei yake ni ya kioo, sanduku na picha.

Wapo watakaosema kwamba hoja hizi ni wivu wa wasio na uwezo, au chuki dhidi ya vitu vya kigeni. Hapana. Udi wenyewe haukuota Unguja wala Lamu. Ulikuja kwa jahazi kutoka Bara Hindi na Mashariki ya mbali, na udi mzuri tangu zamani ulikuwa ghali. Tofauti ni kwamba pwani iliununua kwa ujuzi. Kijiti kilitiwa juu ya kaa katika chetezo, kikanuswa, ndipo bei ikasemwa. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utendi katikati ya karne ya 19, aliyaweka mafunzo ya kujipamba na kujitia manukato pamoja na mafunzo ya dini na adabu, kwa sababu kwake kunukia ilikuwa elimu, na elimu hufundishwa. Bibi aliyetunga kikuba kwa asumini, mkadi na mrehani alijua lipi litangulie na lipi libaki, kama ajuavyo mtunzi wa Paris, ingawa jina lake halikuandikwa juu ya chupa yoyote.

Elimu hiyo ndiyo inayopotea sasa. Bibi harusi akiletewa chupa katika sanduku la hariri, wanaokaa naye huuliza imenunuliwa kwa bei gani kabla hawajauliza inanukiaje. Pwani iliyokuwa hakimu wa manukato imejigeuza mteja anayesubiri kuambiwa kilicho kizuri. Mwenye uwezo na anunue chupa ya dola 300 akipenda, maana mali ni yake. Ila kabla ya kulipa aitie mkononi, akae nayo mpaka magharibi, kisha ampe bibi yake ainuse bila ya kumwambia bei.