Kicheko Chetu Kwenye Meza ya Upasuaji

Muhula uliopita, nikiwa zamu ya kliniki, mama mmoja alileta mbwa wake ahasiwe. Miniature Schnauzer, dume, korodani moja tu ndiyo imeshuka. Daktari alipofungua tumbo kuitafuta ya pili, akakuta na mji wa mimba. Jamani, tulicheka! Mmoja akatoa simu: "Huntha huyu, ngoja nimpige picha." Nami nilicheka, tena kwa sauti.

Kicheko kiliniisha nilipotumwa kumweleza mwenyewe. Akaniuliza polepole, "Mwanangu, ni laana? Maana ndugu zake nimeshauza wote."

Si laana. Mbwa yule ana kromosomu X na Y kama dume yeyote. Kwa kawaida, kijusi cha kiume hutoa homoni inayozuia mji wa mimba usikue. Kwake homoni ilitoka, ila jeni ya kipokezi chake, AMHR2, ina hitilafu. Barua imetumwa, nyumbani hakuna wa kuipokea. Ili hali hii itokee, dume lazima arithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama, na wazazi hao wanaweza kuonekana wazima kabisa. Jike akirithi zote mbili haonyeshi kitu, anazaa kama kawaida.

Ndiyo maana nasema kicheko chetu kina gharama. Mwenye mbwa akiaibishwa, ataficha. Akificha, ndugu wa mbwa huyo wataendelea kupandishwa, na wabebaji wawili wakikutana, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kurithi nakala zote mbili. Korodani iliyobaki tumboni inaweza kuota uvimbe, na mji wa mimba kujaa usaha. Kipimo cha DNA kipo. Anayezalisha mbwa wa aina hii kwa biashara apime kwanza, ndipo apandishe.

Najua kuna watakaosema mbwa ni mbwa tu, tuandike mambo ya mkopo. Sawa. Lakini jeni hiyohiyo ikiharibika kwa binadamu, mtoto wa kiume huzaliwa na mji wa mimba. Wenzetu wa udaktari watakutana naye wodini. Anayezoea kucheka mezani kwetu, ataacha lini?

Mama yule alianza kuwapigia simu wanunuzi wake palepale kwenye benchi, mmoja baada ya mwingine. Sisi ndani tulikuwa bado tunarushiana picha.