Mshindi Ndiye wa Kwanza Kwenda



Ndugu msomaji, Ijumaa iliyopita baada ya swala niliitwa kuwapatanisha ndugu wawili, tumbo moja, ambao tangu uchaguzi wa kamati ya msikiti wao hawaamkiani. Mmoja alishinda, mwengine akashindwa. Nilipomtaka mshindi amwendee mwenziwe, alinijibu: "Sheikh, haki ilikuwa yangu. Yeye ndiye aje." Jibu hilo lilinikumbusha Vita vya Ngamia.

Alipouawa kwa dhulma Khalifa Uthman bin Affan (r.a.) mwaka wa 35 Hijria, Sayyidna Ali (r.a.) alipewa baya Madina. Talha, Zubeir na Mama wa Waumini, Bi Aisha (r.a.), walitaka wauaji walipizwe kisasi mara moja. Ali aliona dola itulie kwanza. Hawakuhitilafiana katika dini wala kibla, bali katika lipi litangulie. Walikutana karibu na Basra mwaka wa 36. Wajumbe walikwenda na kurudi, suluhu ikakaribia. Wanahistoria wengi wamepokea kwamba wenye mkono katika damu ya Uthman waliichelea suluhu hiyo, wakavichokoza vita.

Waliokabiliana hawakuwa wageni. Zubeir alikuwa mwana wa Safiyya, shangazi yake Ali. Muhammad bin Abubakar alikuwa katika jeshi la Ali, na dada yake, Bi Aisha, alikuwa upande wa pili, juu ya ngamia ambaye vita vile vilipewa jina lake. Talha na Zubeir, wawili katika wale kumi waliobashiriwa Pepo, waliuawa. Naye Zubeir alikuwa ameshajitoa vitani.

Ngamia alipoangushwa, vita vilikwisha. Hapa ndipo pa kuzingatia. Ali aliamrisha asifuatwe anayekimbia, asimalizwe majeruhi, wala mtu asifanywe mateka. Baadhi ya askari wake walinung'unika kunyimwa ghanima. Imepokewa kwamba aliwauliza ni nani miongoni mwao atakayemchukua Mama wa Waumini kuwa fungu lake. Wakanyamaza. Imepokewa pia kwamba aliupangusa mchanga usoni mwa Talha, akatamani lau angalikufa miaka 20 kabla ya siku ile.

Aliwaswalia maiti wa pande zote mbili. Akamwamuru Muhammad amshughulikie dada yake. Kisha yeye mwenyewe, aliyeshinda, akaenda kumzuru Bi Aisha katika nyumba aliyofikia Basra. Hakungoja aendewe. Akamwandalia safari na wasindikizaji, akarejea Hijazi kwa heshima yake kamili.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 9, Mwenyezi Mungu ameyataja makundi mawili yanayopigana kuwa ni ya waumini, na katika aya ya 10 amewaita ndugu na kuamrisha wasuluhishwe. Ikiwa panga hazikuuvunja udugu, je, kura za kamati?

Nilimsimulia ndugu yule habari hii. Aliinamisha kichwa kitambo kirefu, kisha akaniuliza kama nduguye bado huswali Alfajiri katika msikiti uleule. Nikamwambia, naam.

Nawe msomaji uliyeshinda kesi ya shamba, ya urithi au ya uongozi, usingoje kuendewa. Aliyeshindwa ana jeraha. Mshindi ana wasaa.

Mwenyezi Mungu atuunganishie nyoyo zetu. Wabillahi tawfiq.